Mama alichanjwa mara moja mwaka 2021: je, aanze upya?

SWALI: Mama yangu ana miaka 68, yuko Muheza, ana kisukari na presha. Agosti 2021 alichanjwa Johnson & Johnson, ile ya sindano moja, na kadi yake ilipotea tulipohama nyumba. Kaka yangu anayeishi Leicester, Uingereza, anasema wazee wa huko wameshachanjwa mara sita au saba, kwamba mama kinga imemwisha na inabidi aanze upya. Mimi nilichanjwa Sinopharm mara mbili, na sasa nina ujauzito wa miezi mitano. Naomba kuelezwa hizi dozi za nyongeza zinatolewaje. Ni dawa ileile? Tunaweza kuchomwa aina nyingine tofauti na ya kwanza? Na mama anameza aspirini kila siku, haitaleta shida?

JIBU: Dada yangu, mama haanzi upya. Nalitanguliza hilo kwa sababu kwenye chumba cha chanjo naulizwa swali hili kila mara, na wapo watu walioacha kabisa kurudi kituoni kwa aibu, wakidhani wamechelewa mno na nesi atawagombeza. Hakuna chanjo ya korona ambayo dozi ya zamani inafutika kwa sababu mtu amechelewa kufuata inayokuja. Ipite miezi au ipite miaka, mhudumu anakuendeleza pale ulipoishia. Muda unaoandikwa kwenye ratiba, wiki 3, wiki 8, miezi 6, ni muda wa chini kati ya sindano moja na nyingine ili usichomwe mapema mno. Mwisho wa kuchelewa haujawekwa.

Jirani zetu Kenya walilipitia hili waziwazi. Walianza na AstraZeneca Machi 2021, dozi ya pili ikipangwa baada ya wiki 8. India, iliyokuwa inatengeneza chanjo hiyo kwa wingi, ikasimamisha kuuza nje kwa sababu wimbi lilikuwa limeipiga yenyewe, na Nairobi wakasogeza dozi ya pili hadi wiki 12. Watu waliingiwa na hofu. Lakini majaribio ya AstraZeneca yenyewe yalikuwa yameonyesha kwamba waliosubiri wiki 12 walipata kinga kubwa kuliko waliochomwa kabla ya wiki 6 kuisha. Mwili unahitaji muda wa kutulia ili uipokee sindano ya pili vizuri.

Kaka yako, kwa hiyo, amepata nusu. Ni kweli kwamba kingamwili zinazozunguka kwenye damu hupungua ndani ya miezi michache baada ya sindano, na zikipungua virusi hupata upenyo, mtu akaugua mafua ya korona ingawa amechanjwa. Ila kuna seli za kumbukumbu ambazo hukaa muda mrefu zaidi. Hizi hazizuii mtu asiambukizwe. Kazi yake ni kuamka haraka ugonjwa ukiingia, usifike kwenye mapafu. Mama yako anazo. Na kwa miaka yote hii bila shaka ameshakutana na virusi vyenyewe, pengine zaidi ya mara moja, kwenye msiba, sokoni au kwa wajukuu, akadhani ni mafua tu. Mwili wake umefundishwa mara kadhaa. Dozi ya nyongeza inamkumbusha somo, tena kwa sura mpya ya kirusi, maana kirusi cha leo si kile cha mwanzo cha Wuhan, China.

Sasa nikueleze kwa nini maneno ya 2021 na ya leo hayafanani, maana mkanganyiko mwingi umeanzia hapo. Tanzania Bara tulianza rasmi tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipochanjwa Ikulu, Dar es Salaam. Mzigo wa kwanza ulikuwa dozi zaidi ya milioni moja za Johnson & Johnson, msaada wa Marekani kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawia nchi chanjo. Chanjo ile ilitufaa sana kwa mazingira yetu: sindano moja basi, na inakaa kwenye friji ya kawaida ya chanjo, nyuzi 2 hadi 8, kama chanjo za watoto. Hukuhitaji kumsaka mtu arudi baada ya mwezi. Ndiyo maana mama aliambiwa "umemaliza", na kwa siku ile aliambiwa kweli. Baadaye, Desemba 2021, Shirika la Afya Duniani likashauri kwamba hata Johnson & Johnson ifuatiwe na dozi ya pili baada ya miezi 2 hadi 6, kwa kuwa mbili zinakinga vizuri kuliko moja. Ujumbe huo wengi haukuwafikia, na waliofikiwa waliona kama wanadanganywa: mlisema moja, sasa mbili, kesho tatu? Siwalaumu. Mabadiliko ya ushauri yalikuja haraka kuliko maelezo yake.

Wakati huohuo zikaingia Sinopharm, Pfizer na Moderna, kila moja na ratiba yake. Sinopharm mbili, kwa wiki 3 hadi 4 kati yake, na ya tatu kwa wenye miaka 60 na kuendelea. Pfizer mbili. Wenye upungufu mkubwa wa kinga, mfano anayeishi na VVU na CD4 zake, yaani seli za kinga zinazohesabiwa kwenye damu, ziko chini ya 200, akawa anaongezewa dozi moja kabla hata ya kuzungumzia nyongeza. Ilikuwa hesabu ya kuumiza kichwa hata kwetu sisi.

Hesabu hiyo imekwisha. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipanga watu upya kwa kuangalia nani yuko kwenye hatari, na ilipofika Novemba mwaka huo likarahisisha zaidi: mtu mzima ambaye hajawahi kuchanjwa kabisa anahesabiwa amemaliza kwa dozi moja ya chanjo ya sasa, na walio kwenye hatari wanarudia moja baada ya muda, miezi 6 hadi 12 kutegemea umri na magonjwa yao. Wenye kinga dhaifu ndio wanaoweza kuhitaji zaidi ya moja kuanzia. Ona basi jinsi swali la kadi iliyopotea linavyojimaliza lenyewe. Tukisema mama alichanjwa 2021, anahitaji dozi moja. Tukisema hatuna ushahidi, tumhesabu kama hajachanjwa, bado anahitaji dozi moja. Kadi mnaweza kuitafuta kwa kituo kilekile alichochanjwa, kwa kuwa majina yaliingizwa kwenye rejesta na kwenye mfumo wa Wizara, ila msimcheleweshe mama kwa kuitafuta karatasi.

Na huko Leicester? Uingereza ndiyo nchi iliyotoa sindano ya kwanza ya Pfizer nje ya majaribio, tarehe 8 Desemba 2020 huko Coventry, kwa bibi wa miaka 90 aitwaye Margaret Keenan. Kwa hiyo wazee wao wameanza mapema na wamerudia kila msimu wa baridi, wengine na majira ya kuchipua. Kufika saba si ajabu. Lakini kaka yako aangalie na upande wa pili. Msimu wa vuli wa 2024 walikuwa wakichanja kuanzia miaka 65. Mwaka 2025 wakapandisha hadi 75, pamoja na wanaoishi kwenye nyumba za wazee na wenye kinga dhaifu. Mama yako wa miaka 68 angekuwa huko, umri wake pekee usingempa nafasi! Kila nchi inapima mfuko wake, wagonjwa wake na hospitali zake, kisha inachora mstari. Idadi ya dozi za mzee wa Uingereza si deni ambalo mama anadaiwa.

Pamoja na hayo, mimi ningemtafutia. Miaka 68 peke yake ningesema tuone. Miaka 68 pamoja na kisukari na presha ni mtu ambaye korona ikimkamata vibaya humlaza. Sukari iliyopanda hudhoofisha kinga, na homa kali huipandisha sukari, vinasaidiana kumwangusha. Kama mume wako ana miaka thelathini na kitu na hana ugonjwa wowote, yeye wala asisumbuke kuifuata. Faida yake ni ndogo na kituo kina kazi nyingine.

Wewe mwenyewe ni habari tofauti. Ujauzito unakuweka kwenye kundi la wanaoshauriwa dozi moja katika kila ujauzito, bila kujali ulichanjwa mara ngapi zamani, na miezi mitano ndiyo wakati unaopendelewa hasa ingawa wakati wowote inakubalika. Sababu ni mbili. Mjamzito akiugua korona kali, hatari ya kulazwa chumba cha uangalizi maalumu na ya kujifungua kabla ya siku ni kubwa kuliko ya mwanamke mwenzake asiye mjamzito. Ya pili ni mtoto: chini ya miezi 6 hachanjwi chanjo hii, kwa hiyo kinga anayokuja nayo duniani ni ile uliyompa wewe kupitia kondo. Zungumza na nesi wako wa kliniki ya wajawazito siku ya hudhurio linalofuata, usisubiri kampeni.

Mmeuliza kama ni dawa ileile. Kwa Johnson & Johnson jibu ni hapana, na hata mngeitaka ileile hamtaipata kirahisi. Marekani kibali chake kilifutwa Juni 2023 kwa ombi la kampuni yenyewe, na AstraZeneca nayo ikajiondoa kwenye soko la Ulaya Mei 2024, ikitaja sababu za kibiashara: chanjo mpya zilikuwa nyingi na ya kwao hakuna tena aliyeiagiza. Zote mbili zilikuwa na tatizo adimu la kuganda damu pamoja na kushuka kwa chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda mtu akijikata, na hilo lilisababisha Marekani kuisimamisha Johnson & Johnson kwa siku 10 Aprili 2021 ili waichunguze. Nakuandikia wazi kwa sababu mtasikia mitandaoni. Tatizo hilo likitokea hujitokeza ndani ya wiki chache baada ya sindano. Mama aliyechanjwa 2021 na akawa salama, halimvizii tena.

Zinazotengenezwa sasa nyingi ni za mRNA, yaani Pfizer na Moderna, ambazo huupa mwili maelekezo ya kutengeneza kipande cha kirusi ili ujifunze kukitambua, zikiwa zimebadilishwa ziendane na virusi vya ukoo wa JN.1, uliotokana na Omicron. Kuchanganya aina hakuna ubaya. Wengine hata kinga yao hupanda zaidi. Aliyeanza na Johnson & Johnson au AstraZeneca kisha akapata ya mRNA, kingamwili zake huruka juu kuliko aliyerudia ileile. Kansela wa Ujerumani wa wakati huo, Angela Merkel, alichomwa AstraZeneca kwanza na Moderna ya pili Juni 2021, wakati watu wengi bado wanabishana kama inaruhusiwa. Hata Sinopharm yako, ambayo ni kirusi kizima kilichouawa, inafuatiwa vizuri na mRNA.

Kabla hamjapanda gari, pigeni simu au mtume mtu kituoni. Chanjo hii haipo kila kituo wala kila siku kama ilivyokuwa 2021 na 2022, enzi za Mpango Shirikishi na Harakishi, tulipokuwa tukizunguka nyumba kwa nyumba na kibebea chanjo begani. COVAX ilifungwa mwisho wa 2023. Ulizeni kwa mratibu wa chanjo wa wilaya. Yeye ndiye anayejua stoo ina nini. Na nesi akikwambia "njooni Alhamisi", usione anakuzungusha. Kichupa kimoja cha Johnson & Johnson kilikuwa cha watu 5, cha Pfizer watu 6, cha AstraZeneca watu 10, na kikishafunguliwa saa zake zinahesabika. Siku wakija wawili tu asubuhi, nesi anabaki na kichupa wazi, huku akitazama mlango mpaka mchana. Ndiyo maana vituo vingi huwakusanya watu siku moja.

Chumbani mtakutana na haya. Nesi ataanza na maswali: umewahi kupata mzio mkali baada ya chanjo yoyote, ukavimba midomo au kubanwa pumzi? Una homa leo? Unatumia dawa gani? Homa ikizidi nyuzi 38.5 mnapangiwa siku nyingine. Sukari ya kawaida ya mama, hata kama haiko sawa sana, haimzuii. Presha iliyopanda kidogo kwa woga wa sindano pia haimzuii, ingawa wapo wahudumu wanaowarudisha watu nyumbani kwa hilo. Ombeni akae, anywe maji, apimwe tena. Kitakachomzuia kweli ni mzio mkali kwa dozi iliyopita au kwa kiambato cha chanjo husika.

Kisha atatoa kichupa. Hapa mna haki ya kutazama na kuuliza, wala si utovu wa adabu. Muulize jina la chanjo, tarehe ya kuisha, na kilifunguliwa saa ngapi. Saa hiyo huandikwa kwa kalamu ubavuni mwa kichupa. Rangi ya kifuniko nayo inasema kitu. Pfizer ya kwanza kabisa ilikuwa na kifuniko cha zambarau, na ilikuja nzito: nesi alikipindua kichupa taratibu mara 10 bila kukitikisa, akaingiza mililita 1.8 za maji ya chumvi, akavuta hewa kiasi hichohicho ili mgandamizo usirushe dawa, akakipindua tena mara 10, akaandika saa, akatoa dozi 6 za mililita 0.3 ndani ya saa 6. Ikaja ya kifuniko cha kijivu, hii haichanganywi na maji kabisa, mililita 0.3 vilevile. Ya watoto wa miaka 5 hadi 11 ilikuwa na kifuniko cha rangi ya machungwa, mililita 0.2, na nguvu yake theluthi moja ya ile ya mkubwa: maikrogramu 10 badala ya 30. Kukosea hatua hizi si jambo dogo. Huko Stralsund, Ujerumani, Desemba 2020, wafanyakazi 8 wa nyumba ya wazee walichomwa dawa isiyochanganywa maji, kila mmoja akapata kipimo cha watu 5. Matoleo ya sasa ya watu wazima yanakuja tayari, hayaongezwi maji, na makosa ya aina hiyo yamepungua.

Kuhusu ujazo, msishangae mama akichomwa kidogo kuliko mara ile. Johnson & Johnson ilikuwa mililita 0.5, Pfizer ni 0.3. Nyongeza ya Moderna ilikuwa 0.25, nusu kamili ya dozi zake za kwanza, yaani maikrogramu 50 badala ya 100. Watu walituambia wamepunjwa, mzee mmoja akadai tumemgawia nusu ili nusu nyingine tuwauzie matajiri! Mwili ambao umeshafundishwa hauhitaji kipimo kikubwa ili ukumbuke, na kipimo kidogo hupunguza homa ya siku ya pili.

Sindano yenyewe haina tofauti na ya kwanza. Inachomwa kwenye msuli wa bega, vidole viwili au vitatu chini ya ule mfupa wa ncha ya bega, sindano ikiingia wima, nyuzi 90. Ikichomwa juu mno inaweza kuumiza kiungo cha bega, na maumivu yake hukaa wiki. Kwa hiyo mkono lazima uonekane hadi juu, usivutwe shingo ya gauni. Mama avae dera au blauzi ya mikono mipana. Akija na baibui lenye mkono wa kubana atalazimika kulivua, na kama hapendi, aombe nesi wa kike na pazia, hilo ni jambo la kawaida pwani na hakuna atakayenuna. Achague mkono asioutumia sana. Alegeze bega, mkono uning'inie, maana msuli uliokazwa ndio unaouma. Bomba ni la kutumika mara moja, linajifunga lenyewe baada ya kusukumwa, na linatupwa papo hapo kwenye boksi la njano bila kurudishiwa kifuniko. Mkiona bomba limewekwa mezani liwe la "baadaye", ondokeni.

Aspirini aendelee nayo. Asiiache hata siku moja kwa ajili ya chanjo, kwa kuwa inamlinda moyo na ubongo kila siku. Hata anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, huchanjwa, mradi vipimo vyake viko sawa. Anachomwa kwa sindano nyembamba, halafu anabana pale kwa pamba dakika 2 au zaidi bila kusugua. Mama naye abane hivyohivyo. Akipata alama ya bluu kidogo isimtie hofu. Dawa za kisukari na presha azimeze wakati wake wa kawaida, na asije na njaa: mgonjwa wa kisukari aliyefunga tangu alfajiri, kisha akakaa kwenye foleni, huanguka kwa kushuka sukari na watu husema chanjo imemwangusha.

Panadoli asimeze kabla, kujikinga na homa ambayo haijaja. Baada ya sindano, ikija, ameze.

Atakaa dakika 15 kwenye benchi. Kama aliwahi kupata mzio mkali wa kitu kingine, chakula au dawa, atakaa 30. Si urasimu: mzio mkali wa chanjo hizi ni adimu sana, watu wachache katika kila milioni, lakini ukija huja ndani ya dakika hizo, na tiba yake, adrenalini ya kuchomwa pajani, iko pale chumbani na haiko kwenye daladala. Ninyi mnaomsindikiza mtazameni uso: midomo ikivimba, akiwashwa mwili mzima, akikoroma kwa kubanwa pumzi, iteni nesi bila kuona haya. Kizunguzungu cha kawaida cha woga hupita akilala na kuinuliwa miguu.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu chanjo za mRNA, la kuvimba misuli ya moyo. Limeonekana zaidi kwa wavulana na vijana wa kiume, hasa baada ya dozi ya pili, na wengi wao walipona kwa kupumzika. Kwa bibi wa miaka 68 na mjamzito hatari hiyo ni ndogo mno, ila maumivu ya kifua au moyo kwenda mbio siku chache baada ya sindano yapelekwe hospitali kwa mtu yeyote.

Kama safari ndiyo iliyomsukuma kaka yako, kwamba mama aje kumtembelea, ajue Uingereza iliondoa masharti ya korona kwa wasafiri tangu tarehe 18 Machi 2022, na Marekani ikaondoa sharti la cheti cha chanjo Mei 2023. Kadi ya homa ya manjano ni suala jingine kabisa, lisichanganywe na hili.

Nyumbani, usiku wa kwanza na siku inayofuata, mama atarajie mkono kuuma, uchovu, kichwa, pengine kutetemeka na homa. Panadoli mbili za miligramu 500, maji mengi, apime sukari mara nyingi kuliko kawaida kwa siku mbili hizo kwa sababu homa huipandisha. Nawe panadoli unaruhusiwa. Homa kwa mjamzito ishushwe, isivumiliwe. Na kwa kuwa mko Muheza, ambako malaria haijaondoka, homa ikivuka siku ya pili, au ikija na kutapika, msiendelee kuisingizia chanjo. Nendeni zahanati mpimwe malaria kwa kile kipimo cha haraka, wewe hasa, siku hiyohiyo. Mkikwama usiku, namba ya Wizara ya Afya ni 199, haikatwi salio.